Shajara ya mradi: kijitabu cha mbuzi, maumivu na mwenzi wa zizini

Wiki ya 1

Kazi imeanza. Kijitabu cha kurasa 24, cha kuingia mfuko wa koti, kwa wafugaji wa mbuzi wa huku kwetu Mvomero. Kinahusu maumivu ya mnyama wakati wa kuhasiwa, kukatwa pembe na kutobolewa sikio, na jinsi mbuzi waliomzunguka wanavyoyaongeza au kuyapunguza maumivu hayo. Mchoraji ni jirani yangu anayeandika vibao vya maduka. Fedha ni za mfukoni mwangu na mchango wa kikundi chetu cha wafugaji. Zinatosha nakala 300 za rangi moja.

Niliwahi kuzunguka vijijini miaka sita nikihudumia mifugo, na kila zizi nililofika nilikuta neno lile lile: waweke pamoja, watafarijiana. Nami nikalimeza bila kutafuna. Ndiyo maana ukurasa wa 7 niliuandika kabla ya kusoma chochote. Picha: mbuzi wachanga waliotoka kuhasiwa wamelala kivulini, bega kwa bega. Maneno chini yake: *Mwenzi ni dawa.* Mchoraji ameupenda, ameshauchora kabisa kwa penseli.

Wiki ya 2, Jumanne

Siku tatu za kusoma. Utafiti unaotajwa kila mahali ni wa mwaka 2006, kutoka maabara ya Jeffrey Mogil, Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Kanada. Mwandishi wa kwanza ni Dale Langford. Walichukua panya wadogo wa maabara wakawadunga tumboni asidi ile ile inayoipa siki ukali wake, ikiwa imezimuliwa hadi asilimia 0.9. Panya aliyedungwa hivyo hujipinda, hubana tumbo, hunyoosha miguu ya nyuma. Hesabu mapindo, umepata kipimo.

Wakawaweka wawili wawili ndani ya mitungi ya plastiki angavu. Safari nyingine kadungwa mmoja, safari nyingine wamedungwa wote. Wakidungwa wote, na wakiwa ni panya waliokaa tundu moja, kila mmoja alijipinda zaidi kuliko alipokuwa peke yake. Tena mapindo yao yalielekea kuja kwa wakati mmoja, kama watu wanaopokezana miayo. Wakiwa wageni, hali hiyo haikutokea. Asidi ni ile ile na kipimo ni kile kile, tofauti ni kujuana tu, na kujuana kwenyewe kulitaka wiki mbili hadi tatu za kulala pamoja.

Halafu wakatafuta habari inapita mlango gani. Panya wasiosikia bado waliathiriana. Wasionusa vilevile. Ilipowekwa kinga katikati wasionane, basi, mambo yakaisha. Walikuwa wanatazamana.

Nikaufungua ukurasa wangu wa 7. Mbuzi wote katika picha ile wametoka kuhasiwa, wamezaliwa zizi moja na wanatazamana. Sijamwambia mchoraji.

Wiki ya 2, Ijumaa

Leo nimeshinda na maneno tu, sikuandika hata aya.

Kwanza, panya. Wataalamu wanatofautisha panya wadogo na panya wakubwa wa maabara kama sisi tunavyotofautisha kondoo na mbuzi, ila Kiswahili kinawabeba wote kwa neno moja. Nikisema "panya mkubwa", msomaji wa Morogoro anamwona panya buku, yule anayefundishwa na shirika la APOPO pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Nimeamua: "panya" peke yake ni yule mdogo, na yule mwingine nitamwita "panya mkubwa wa maabara" kwa ukamilifu wake, hata kama sentensi inachoka.

Pili, hali yenyewe. Rasimu ya kwanza niliandika "huruma", nikaifuta. Huruma ni ya anayetazama akataka kusaidia. Panya kwenye mtungi hajasaidia mtu, ameumia zaidi tu. Nimebaki na "kuambukizana maumivu". Mke wangu anasema watu watadhani ni homa ya mapafu ya mbuzi. Huenda yuko sahihi, lakini sina neno lingine.

Tatu, "uchungu" nimeliacha nje kwa makusudi. Uchungu ni wa uzazi, wa msiba, wa dawa ya mwarobaini, na wakati mwingine wa jeraha. Kijitabu kitasema "maumivu" toka mwanzo hadi mwisho.

Wiki ya 3

Wiki ya wageni. Hapa ndipo mradi ulipogeuka, kwa hiyo nitaandika kwa urefu.

Katika utafiti ule wa 2006 kuna tokeo nililoliruka mara ya kwanza. Panya dume aliyedungwa, akawekwa na dume mgeni ambaye hakudungwa, alijipinda *kidogo* kuliko alipokuwa peke yake. Mfugaji wa kawaida, na mimi wa mwezi uliopita, angesema huyo kapata nafuu. Lakini dume mgeni kwa panya dume ni hatari, na mwili wenye hofu unajua kuzima maumivu. Mwaka 1982 Klaus Miczek na wenzake walionesha kwamba panya aliyeshambuliwa na kushindwa na dume mwingine anachelewa kukwepesha mkia wake kwenye joto. Wakampa dawa inayozuia kemikali za mwili zinazofanya kazi kama afyuni, na ganzi ile ya kushindwa ikapungua. Mwili wake ulikuwa umejitengenezea dawa ya maumivu katikati ya kipigo.

Mwaka 2014 maabara ya Mogil ikaja na jambo lililowatia watafiti wengi wasiwasi kuhusu miaka yao ya nyuma ya kazi. Panya wanaonesha maumivu kidogo mbele ya mtafiti mwanaume kuliko mbele ya mtafiti mwanamke. Mtu hata si lazima awepo. Fulana aliyolala nayo mwanaume, ikiwekwa karibu na tundu, inatosha. Ni harufu ya dume, hata ya wanyama dume wengine wasio binadamu, na inawatia panya hofu ambayo inafunika maumivu kwa muda.

Na mwaka 2015, Loren Martin akiwa na kundi lile lile, walifunga mduara. Waliwapa panya wasiojuana dawa ya metiraponi, inayouzuia mwili kutengeneza homoni ya msongo. Hofu ya ugeni ikatoka, na wageni wakaanza kuambukizana maumivu kama ndugu. Jaribio walilifanya na kwa watu: mkono ndani ya maji ya barafu, wawili wawili. Marafiki waliumia zaidi wakiwa pamoja, wageni hapana. Wageni walipocheza kwanza mchezo wa video wa muziki kwa dakika 15, wakawa kama marafiki, maumivu nayo yakapanda.

Kwa hiyo nina mizani mbili ambazo nilikuwa nazisoma kama moja. Anayejulikana akiumia, na mimi naumia zaidi. Asiyejulikana akiwa karibu, huenda nisioneshe kitu, na kutoonesha huko ni hofu. Nimeandika kwa kalamu nyekundu juu ya faili: KIMYA SI NAFUU. Sasa nafikiria mbuzi wote niliowahi kuwasifu kwamba "huyu ni mvumilivu", tukiwa wanaume wanne tumemzunguka, tunanuka jasho, na beberu wa jirani kafungwa hatua tano.

Panya si mbuzi, najua. Nimeandika hilo nalo, kwa kalamu ya kawaida.

Wiki ya 4: zizini

Nimekwenda kwa mzee mmoja ninayemfahamu toka enzi za kuzunguka. Alikuwa na mapacha madume wa kuhasi. Mchoraji nilikwenda naye, na sharti lake la kuchora likawa kukaa mbali asiongee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja na daftari, si sindano?"

"Leo kutazama tu, mzee."

"Kutazama nako ni kazi. Kaa hapo, usiwazibie njia."

Fundi alikuja na koleo la kuhasi, lile linaloponda mshipa bila kukata ngozi. Pacha wa kwanza akashikwa na mjukuu wa mzee: mgongo kwenye kifua cha kijana, miguu ya nyuma imevutwa juu. Pacha wa pili alifungwa kwenye mkwaju, kamba fupi, anaona kila kitu.

Koleo lilipobana, wa kwanza alilia mara moja, sauti ndefu iliyopasuka katikati, kisha akanyamaza. Wa mkwajuni ndiye aliyeendelea. Alikaza kamba mpaka shingo ikapinda, masikio yakarudi nyuma yakalala, akakojoa pale pale. Wa kwanza alipowekwa chini alisimama miguu imetanuka, mgongo umejikunja kama upinde, mdomo umefumbwa, macho yamebaki nusu. Alichapa mguu wa nyuma chini mara tatu nne. Hakutafuna kitu.

Mzee akasema kwa fahari: "Umeona? Halii. Huyu ni mwanaume."

Mjukuu akajibu bila kuinua kichwa: "Alikuwa, babu."

Tulicheka wote isipokuwa fundi, ambaye nadhani husikia utani huo kila wiki.

Zamu ya wa pili ilipofika alianza kupiga kelele kabla hajaguswa. Alipoachiwa alikwenda moja kwa moja kwa pacha wake, wakasimama ubavu kwa ubavu, wote mgongo upinde. Nilikaa nao saa moja na nusu. Walilala, wakaamka, wakalala tena, kila mmoja akiamka karibu na mwenzake anapoamka.

Hao ni mbuzi wawili. Sijathibitisha lolote na sitaandika kwamba nimethibitisha. Ila nimepata ninachotaka kuchorwa: uso. Mchoraji ana kurasa tano za nyuso, na mbili kati yake ni nzuri kweli.

Suala la uso lina msingi. Mwaka 2010 kundi la Mogil lilitoa kipimo cha uso wa panya chenye alama tano: macho kubanwa, pua kuvimba, shavu kuvimba, masikio, na ndevu zilivyokaa, kila alama ni 0, 1 au 2. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, wakatoa cha kondoo wenye ugonjwa wa kwato na wa kiwele, wakitazama macho, mashavu, masikio, mdomo na taya, na pua. Mchungaji mzuri anazijua zote bila namba. Namba zinamsaidia yule ambaye masikio yake yanangoja mlio.

Wiki ya 5

Mvua. Barabara imekatika, umeme nao. Nimepanga upya bajeti: karatasi imepanda bei, sasa ni nakala 260.

Wiki ya 6

Nimepoteza siku nne kwa mnyama ambaye hatakuwemo kwenye kijitabu, na sijuti.

Ni fuko wasio na manyoya, wa Kenya, Somalia na Ethiopia, wale wenye meno nje na ngozi ya mkunjo kama kidole kilichokaa majini. Jennifer Jarvis alieleza mwaka 1981 kwamba wanaishi kama nyuki: malkia mmoja anayezaa, wengine wafanyakazi. Ukoo mmoja unaweza kuwa na mamia ndani ya mashimo yaliyozibwa, na hewa ya ndani imejaa kaboni dayoksaidi ya pumzi zao wenyewe. Hewa ya namna hiyo ikigusa macho na pua hugeuka asidi, inachoma. Mwaka 2008 Thomas Park na wenzake walionesha kwamba fuko hawa hawaumizwi na asidi, wala na ule ukali wa pilipili, ilhali wakibanwa au wakichomwa na joto wanashtuka kama mnyama yeyote.

Maelezo yanayokubalika ni kwamba ni maisha ya msongamano yaliyowanyoa maumivu ya aina hiyo, kizazi kwa kizazi. Panya wa Montreal anabadilishwa na jirani yake kwa wiki mbili. Fuko amebadilishwa na majirani wake mpaka kwenye neva. Mchoraji alitaka sana kumchora. Nimekataa, mfugaji wa mbuzi hana la kufanya na fuko. Mchoro ameupiga hata hivyo, umebandikwa ukutani kwangu.

Wiki ya 7

Kuandika upya ukurasa wa 7. Rasimu ya kwanza baada ya usomaji wote huu ilikuwa ya hasira, ikasema mtenge mnyama. Nayo ni makosa. Mbuzi na kondoo ni wanyama wa kundi, kuwatenga kunawaumiza kwa njia nyingine. Keith Kendrick na wenzake, Uingereza, walionesha mwaka 2001 kwamba kondoo anaweza kukumbuka nyuso za kondoo wenzake 50 kwa zaidi ya miaka miwili. Na mwaka 2004 kundi hilo likaonesha kwamba kondoo aliyetengwa akioneshwa tu *picha* ya uso wa kondoo, analia kidogo na moyo wake unatulia, wakati picha ya uso wa mbuzi haimsaidii hivyo. Picha tu!

Basi mwenzi anasaidia au anaumiza? Niligonga ukuta huu siku mbili, mpaka nikaacha kuuliza kuhusu "mwenzi" kwa jumla. Swali sahihi ni: mwenzi yupi, naye yuko katika hali gani.

Mwaka 1993 Francesca D'Amato na Flaminia Pavone, Italia, walitenganisha panya ndugu kisha wakawakutanisha. Baada ya kukutana, ndugu walistahimili maumivu zaidi. Wakipewa dawa ya kuzuia afyuni ya mwili, ustahimilivu ule uliondoka. Ndugu mzima, aliyerudi, alikuwa dawa kweli. Langford naye aliendelea: mwaka 2010 alionesha panya jike wakimsogelea mwenzao wa tundu moja aliyefungiwa akiwa na maumivu, mara nyingi zaidi kuliko walivyomsogelea mgeni, na kadiri walivyomgusa ndivyo aliyefungiwa alivyojipinda kidogo.

Upande wa pili, Monique Smith na wenzake wa Oregon, Marekani, mwaka 2016: panya wazima kabisa, hawajaguswa na sindano yenye madhara, walikaa tu chumba kimoja na panya wenye maumivu, nao miguu yao ikawa myepesi kuumia. Safari hii mlango ulikuwa pua. Hata matandiko ya panya wenye maumivu yalitosha. Mwaka 2021 Smith, safari hii akiwa Chuo Kikuu cha Stanford na Robert Malenka, akaonesha yote mawili kwa mkupuo. Saa moja na mwenzi mwenye maumivu inamwambukiza mzima maumivu. Lakini panya mwenye maumivu akikaa na mwenzake mwenye maumivu *aliyepewa mofini*, dawa kali ya kutuliza maumivu, nafuu nayo inaambukiza. Njia ya ubongo wameifuata mpaka mahali inapoanzia na inapoishia.

Hapo nikakumbuka usemi ambao nimeusikia toka utotoni na sikuwahi kuufikiria kama habari ya neva: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Pacha wa mkwajuni alikuwa ametia maji. Alifika kwenye koleo akiwa tayari anaumia.

Ukurasa wa 7 sasa unasema hivi, na sitaugusa tena:

*Muite mtaalamu wa mifugo, uliza ganzi na dawa ya kutuliza maumivu kabla ya chombo chochote. Hasi mmoja mmoja, nyuma ya turubai au ukuta, wanaosubiri wasione. Akishahasiwa, mrudishe kwa mama yake au kwa wenzake wa siku zote ambao hawajaguswa. Usimlaze na beberu mgeni. Akinyamaza, mtazame uso.*

*Mwenzi ni dawa* nimeifuta. Mchoraji aliuliza kama anaweza kubaki na mchoro wa penseli. Nimempa.

Wiki ya 8

Jaribio la kusoma, watu saba chini ya mwembe wa kikundi. Wanawake wanne, wanaume watatu, mzee wangu mmoja wao.

Turubai halikuleta ubishi. Mama mmoja alisema wao huchinja nyuma ya ukuta siku zote, mbona kuhasi iwe hadharani. Ubishi ulikuwa kwenye ganzi, yaani bei. Nimeongeza mistari miwili: kuhasi wote wa zizi siku moja na kugawana gharama ya mtaalamu na jirani.

Aya yangu ya fulana za wanaume, ambayo niliipenda kuliko zote, imekufa. Wanaume walicheka wakapoteza mwelekeo, na wanawake wakaanza kupanga nani atahasi. Nimeitoa, tena ni ya panya, haina kazi mle.

Kubwa zaidi ni ukurasa wa 9, nyuso mbili, kushoto mbuzi mtulivu, kulia mwenye maumivu. Nikauliza: yupi anaumia? Watano kati ya saba walionesha wa kushoto.

"Huyu kafungua mdomo, analia," mzee akasema.

"Anacheua, mzee."

"Anacheua nini, mwanangu? Mbona hamna kitu mdomoni?"

Akachukua penseli sikioni mwa mchoraji bila kuomba, akaweka jani moja linalochungulia pembeni mwa mdomo. Kisha akahamia kwa yule wa kulia, akalifunga jicho nusu zaidi kwa mstari mmoja, akayashusha masikio.

Mchoraji anachora upya kutoka hapo. Mpiga chapa anataka faili Alhamisi.